Mjadala: Jaji ambaye hakuna aliyempigia kura, anatunga sheria kwa mamlaka ya nani?

Wadau, kila mahakama ya juu inapotoa uamuzi mzito, hoja ni ile ile: kazi ya jaji ni kusoma sheria iliyopitishwa na Bunge, akiongeza neno lake amewapora wananchi kura zao. Mimi siikubali, angalau si kwa upana huo. Anayepinga aje na hoja.

Tuangalie Uingereza, ambako mfumo huu wa maamuzi ya majaji kuwa sehemu ya sheria ulizaliwa. Hadi leo hakuna sheria ya Bunge la kule inayoeleza kosa la kuua kwa kukusudia ni kitu gani. Maana yake imo katika maamuzi ya majaji ya karne nyingi. Bunge lilipoingia mwaka 1965 kuweka kifungo cha maisha badala ya kunyonga, lilitaja tu "mauaji" na kuendelea. Ondoa maamuzi ya majaji, sheria hiyo haijui inamfunga nani.

Wanaosema majaji hawana wa kuwazuia wakumbuke kesi ya Burmah Oil. Mwaka 1942 jeshi la Uingereza liliteketeza mitambo ya mafuta huko Burma isiangukie mikononi mwa Wajapani. Mwaka 1964 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa, ikasema kampuni ina haki ya fidia. Mwaka uliofuata Bunge likaifuta haki hiyo kwa sheria iliyorudi nyuma hadi kuigusa kesi yenyewe. Kurudi nyuma vile naona ni dhuluma, lakini uwezo lilikuwa nao. Neno la mwisho ni la Bunge.

Kesi ngumu kwa upande wangu ni ya mwaka 1991, na sitaikwepa. Tangu kitabu cha Jaji Matthew Hale kichapishwe mwaka 1736, mahakama za Uingereza zilishika kanuni kwamba mume hawezi kushtakiwa kwa kumbaka mkewe. Sheria ya Bunge ya mwaka 1976 ilieleza ubakaji kuwa ni tendo la ndoa "lisilo halali" bila ridhaa ya mwanamke, na wengi walilisoma neno hilo kuwa maana yake ni nje ya ndoa. Mwaka huo 1991 majaji wa House of Lords wakasema neno hilo haliongezi chochote, na kinga ya mume ikafa. Bunge likaja kuliondoa mwaka 1994. Waliotiwa hatiani wakalalamika kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, kwamba wameadhibiwa kwa jambo ambalo halikuwa kosa walipolitenda. Mwaka 1995 wakashindwa: mahakama ilisema mabadiliko hayo yalikuwa yakionekana yanakuja.

Nasimama na majaji hao. Kinga ile haikutoka bungeni, ilitoka kwa majaji wenzao, na aliyeijenga ndiye wa kuibomoa. Kosa la ubakaji lilikuwepo tayari, kilichoondolewa ni kichaka cha kujifichia. Na mwanamke aliyebakwa nyumbani kwake angengoja hadi lini wabunge wapate nafasi?

Lakini nina mpaka wangu. Mwaka 1961 House of Lords hiyo hiyo ilithibitisha hatia ya mtu aliyechapisha orodha ya makahaba, kwa kosa la kula njama ya kuharibu maadili ya umma, ikidai mahakama zina mamlaka ya kulinda maadili hata pale Bunge liliponyamaza. Hapo walivuka. Raia hawezi kufungwa kwa kosa ambalo mipaka yake anaichora jaji akiwa tayari amemwona mshtakiwa. Mwaka 2006 House of Lords yenyewe ilikiri kwamba makosa mapya ya jinai ni kazi ya Bunge peke yake.

Sasa nyie mnaosema jaji asiongeze hata neno, nijibuni hili. Bunge limeandika "uangalifu wa kutosha" bila kusema kiasi gani kinatosha, na mtu aliyeumia yuko mbele ya mahakama leo. Aambiwe arudi nyumbani asubiri Bunge lifafanue?