HMS Leopard ya 1790: ndiyo iliyofika Unguja?

Taruma
Wakuu, manowari ya Waingereza HMS Leopard iliyotia nanga Unguja Februari 1799 na ile iliyoipiga manowari Chesapeake ya Marekani mwaka 1807 ni moja, au ni mbili za jina moja? Na mbona tarehe za Unguja zinapishana kwa siku moja?

Bisha Joshi
Ni hiyohiyo. Ujenzi ulianza Portsmouth 1776, mataruma (mbavu za meli) yakahamishiwa Sheerness 1785, ikashushwa majini Aprili 1790. Mizinga 50: sitaha ya chini 22 ya ratili 24 (uzito wa risasi yake), ya juu 22 ya ratili 12, na sita ya ratili 6 tezi na omo.

Kamanda John Blankett, aliyekuwa ndani ya Leopard, alikuwa anakwenda kuziba mlango wa Bahari ya Shamu, maana Napoleon alishaingia Misri. Kosa lilikuwa msimu. Alipanda pwani yetu kaskazi ikivuma, upepo na mkondo vyote vikimjia usoni. Meli ya matanga ya mraba haiukaribii upepo zaidi ya digrii 67 hivi, kwa hiyo hata ikibisha (kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo) kutwa, mkondo unairudisha nyuma. Jahazi lolote lingengoja kusi. Unguja ilimpa maji na chakula.

Batli
Kuhusu tarehe: siku ya baharini ilianza saa sita mchana, na ilihesabiwa mbele. Tukio la alasiri ya tarehe 18 kwetu, kwenye batli (daftari la safari la meli) ni la tarehe 19. Asubuhi zinalingana. Waingereza waliacha mtindo huo kwa amri ya Oktoba 1805. Batli za manahodha ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, fungu ADM 51. Za masta (ofisa wa kuongoza njia ya meli) ADM 52. Soma zote mbili.

Taruma
Shukrani. Chesapeake ilishindwaje haraka vile?

Bisha Joshi
Haikuwa tayari. Ilitoka Norfolk 22 Juni 1807 sitaha imejaa mizigo, pembe za baruti tupu, tambi za kuwashia mizinga hazijawashwa. Leopard ilidai mabaharia watoro, Barron, kamanda wa Chesapeake, akakataa, ikafyatua. Chesapeake ilijibu kwa mzinga mmoja tu, uliowashwa kwa kaa la moto kutoka jikoni. Watatu walikufa, wanne wakachukuliwa. Mmoja wao, Jenkin Ratford, alinyongwa Halifax, Kanada.

Batli
Baadaye Leopard ikawa ya kubeba askari, ikavunjikia kisiwa cha Anticosti, Kanada, 28 Juni 1814.