MREJESHO: Milioni 3 zimetosha harusi

Wapendwa, niliwauliza kama milioni 3 zinaweza kufanya harusi Dar bila kamati ya michango. Zimetosha, na hela ya kodi ya chumba imebaki.

Mlionishauri niachane na ukumbi, Mungu awabariki! Tumefunga turubai na kutandika mikeka uani kwa shangazi, Mbagala. Pilau wamepika mama zangu wadogo kwa kuni, masufuria tumeazima msikitini. Harufu ya bizari imefika mpaka barabarani. Kadi tumetuma WhatsApp, sare hatukushona.

Kazi ilikuwa kupunguza orodha ya wageni, maana sahani ndizo zinazokula hela. Baba mkwe ndiye aliyenisimamia: alitukataza katakata kukopa, akatoa mbuzi wawili. Nampenda mzee yule.