Wiki ya sita ya aikido na bado ninafundishwa kuanguka: je, niendelee?

Swali

Ndugu zangu, nina umri wa miaka 38 na nimetimiza wiki ya sita tangu nianze kujifunza aikido, sanaa ya Kijapani ya kujihami, mara mbili kwa wiki. Niliichagua baada ya kuwaona watu wa rika langu wakiangushana na kuinuka bila kuumia. Lakini karibu nusu ya kila kipindi tunafundishwa kuanguka na kubingirika tu, na bega langu la kulia linauma kila ninapobingirika mbele. Jirani yangu aliyeanza karate mwezi uleule tayari anarusha mateke yanayoeleweka. Je, hali hii ni ya kawaida, au ninapoteza muda?

Jibu la kwanza

Ni ya kawaida, na ningeingiwa na wasiwasi kama mwalimu wako angeiruka. Katika aikido watu hufanya mazoezi wawili wawili, mmoja akishambulia na mwingine akimwangusha, kisha hubadilishana; kwa hiyo nusu ya muda wako mkekani, hata ukifikia mkanda mweusi, utakuwa wewe ndiye unayeangushwa. Kuanguka huko, kunakoitwa ukemi, ni nusu ya sanaa yenyewe. Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido aliyezaliwa Tanabe, Japani, mwaka 1883, alijifunza Daito-ryu, mtindo wa jujutsu, kwa mwalimu Sokaku Takeda, na humo ndimo zilimotoka mbinu nyingi za kukunja viungo. Chukua mbinu ya shihonage, ambayo mkono wako hukunjwa hadi nyuma ya bega: usipojua kuufuata mkono huo chini, kiwiko na bega ndivyo vitakavyolipa, na mwenzako hataweza kujifunza lolote kwa sababu atakuwa anakuhurumia.

Kuhusu bega, nadhani kiwiko chako kinalegea. Anza ukiwa umepiga goti moja. Upinde mkono wa mbele kama ukingo wa gurudumu, ukingo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho ukiwa wa kwanza kugusa mkeka, kisha mwili upite juu ya mkono, nyuma ya bega, na kukatiza mgongo kwa mshazari hadi kwenye nyonga ya upande wa pili. Kidevu kiwe kifuani na macho yautazame mkanda wako. Ukisikia kishindo, kuna pembe uliyoiacha mwilini. Usibingirike ukiwa umesimama mpaka kishindo kiishe.

Jibu la pili

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ningeongeza jambo moja, dada au kaka yangu: mweleze mwalimu leo kwamba bega linauma, na kama linauma hata usiku au unapoinua mkono kuvaa shati, pumzisha bega hilo na umwone daktari kwanza. Mimi nilianza nikiwa na miaka 47. Kifundo cha mkono wangu kiliumia katika kotegaeshi, mbinu ya kukunja kifundo cha mkono, kwa sababu niliona haya kuupiga mkeka kwa kiganja, ishara ambayo kila mwenzako anaielewa kuwa ni kumwomba aachie. Nilikaa nje miezi miwili kwa ajili ya haya hiyo. Piga mkeka mapema, kabla ya maumivu.

Na usijipime kwa jirani yako. Katika Aikikai, shirika la aikido ambalo makao yake makuu yako Shinjuku, Tokyo, hakuna mashindano, kwa hiyo hakuna pambano unalochelewa.

Muulizaji

Ninawashukuru sana. Nilimweleza mwalimu, naye akanirudisha kwenye goti. Jana nilibingirika mara kumi kwa upande wa kushoto bila kusikia kishindo hata kimoja. Upande wa kulia bado unagonga, lakini sasa ninajua ni kiwiko.