Nakshi za merikebu ya mfano: simba wa omo anakatika miguu

MkukuMrefu:

Wakuu, salaam. Natengeneza mfano wa Vasa, ile manowari ya Uswidi iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, ikaopolewa mwaka 1961. Kipimo changu ni 1:75. Mwili umekamilika, mbao za ubavuni zimekaa vizuri, na sasa nimefika kwenye nakshi, ambazo hasa ndizo zilizonivuta kwenye kazi hii. Sitaki zile za kumiminwa kwenye kalibu. Nataka kila sanamu itoke kwenye patasi yangu.

Kinachonishinda ni simba wa omo, yaani sanamu ya simba iliyo mbele kabisa ya merikebu. Yule wa kweli ana urefu wa kama mita 3, kwa hiyo wangu ana milimita 40 tu. Natumia mbao ya mpea iliyokauka sawasawa. Kiwiliwili na manyoya ya shingo vinachongeka bila tabu, ila miguu inakatika karibu na bega kila ninapoanza kutenganisha vidole. Nibadili mbao au mbinu? Na vile vichwa vya simba vya upande wa ndani wa vifuniko vya madirisha ya mizinga, ambavyo ni vingi na vinafanana, mnavichongaje?

Mpera_Mkavu:

Mpea usiuache. Ukikosa, tafuta mlimau au mpera, mradi kipande kiwe kimekauka na hakina fundo. Anayeweza kupata mbao ya mti uitwao Buxus basi ana bahati, nyuzi zake zimebanana na hushika kingo kali hata kwenye unene wa nusu milimita. Mwaloni, japo ulitumika kwenye Vasa yenyewe, uepuke: vinyweleo vyake ni vikubwa mno kwa kipimo hiki, uso wa sanamu utaonekana una ndui.

FundiWaTezi:

Mkuu, mbao yako haina kosa. Shida ni kumtoa simba mzima kwenye kipande kimoja. Nyuzi zikifuata mgongo, basi kwenye mguu zinapita kwa kukingama, na mguu wa milimita 3 unabaki umeshikiliwa na nyuzi fupifupi. Hapo hata mwenye mkono mwepesi namna gani hana la kufanya.

Hao waliomchonga simba wa kweli hawakumtoa kwenye gogo moja. Walimchonga vipande vipande, wakaviunganisha kwa bolti. Napenda sana kuwakumbusha watu jambo hili, kwa sababu wengi huona aibu kutia kiungo kwenye sanamu ndogo kana kwamba ni udanganyifu. Kiungo ndiyo kazi yenyewe, na ndivyo karakana ilivyofanya.

Basi chukua kipande cha kiwiliwili, nyuzi zikienda na mgongo. Kila mguu upewe kipande chake, nyuzi zikienda na urefu wa mguu. Toboa tundu jembamba, pitisha kijiti cha waya wa shaba, tia gundi, uache ikauke kabisa. Vyote hivi vikiwa bado vipande visivyochongwa, kabla hujagusa umbo. Ukiunganisha kwanza na kuchonga baadaye, msuli wa bega unapita juu ya kiungo bila kukatika, na mstari wa gundi unaufukia chini ya manyoya ya shingo. Ukichonga kwanza na kuunganisha baadaye, jicho la mtazamaji litakwenda pale pale kwenye ufa.

Kati ya mguu na mguu usiondoe mbao mapema. Iache iwe nguzo. Anza na kifua, nenda kwenye manyoya, uso, mgongo. Vidole viwe vya mwisho kabisa. Wakati huo mlaze simba kwenye donge la udongo wa kufinyangia, mguu usining'inie hewani ukisukumwa na patasi. Mbao ikikaza, ipanguse kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: italegea kidogo na kukauka upesi.

Halafu kuna suala la kina, na hapa ndipo naona kazi nyingi nzuri zinaharibika. Kwako milimita 1 ni sentimita 7 na nusu kwenye merikebu ya kweli. Kope haipo. Unywele mmoja mmoja haupo. Usichonge jicho, chonga kivuli chake: shimo moja safi chini ya paji, basi, mtazamaji ataliona jicho. Manyoya yafanye mashada machache yenye mabonde marefu. Mikwaruzo mingi midogo, ukirudi nyuma hatua mbili, inageuka kuwa ukungu. Taa iweke upande mmoja, chini, wala isiwe juu ya kichwa chako. Mwanga wa pembeni ndio unaokuonyesha kama bonde limetosha.

Msasa nauogopa kwenye sanamu. Unaifanya kila kingo iwe butu. Afadhali noa tena patasi umalizie kwa kukata.

Patasi za milimita 1 au chini yake mimi hujitengenezea kwa sindano nene za cherehani: naipasha ncha hadi iwe nyekundu, naiacha ipoe polepole, naipa umbo kwa tupa, naipasha tena na kuitumbukiza kwenye mafuta, kisha naing'arisha na kuipasha taratibu mpaka rangi ya chuma iwe njano ya majani makavu. Ikifika buluu umepitiliza, italegea.

Vile vichwa vya madirisha: chora safu yake kwenye upapi mmoja mrefu. Fanya mkato ule ule kwa vyote, mapaji yote kwanza, kisha mapua yote, kisha vinywa. Mkono unashika mazoea na vichwa vinakuwa ndugu. Upapi wenyewe ndio mpini wako, usikate hata kimoja mpaka vyote viishe.

MkukuMrefu:

Shukrani sana, fundi. Hilo la nyuzi za mguu limenifungua macho, leo leo nakata vipande upya. Swali la mwisho: nipake rangi, au niache mbao ionekane? Nimeona mifano mingine ya Vasa ina buluu na dhahabu.

FundiWaTezi:

Hiyo buluu ni dhana ya zamani. Mabaki ya rangi yaliyochunguzwa kwenye mbao zenyewe yalionyesha sehemu kubwa ya nyuma ya merikebu ilikuwa nyekundu, na sanamu zilipakwa rangi nyingi kali, si dhahabu tupu. Sanamu na nakshi zilikuwa karibu 700, hebu fikiria ilivyowaka. Mimi ningepaka. Ila ukiamua hivyo, zidisha kina cha mabonde tangu sasa na uache kingo ziwe kali kuliko unavyotaka zionekane mwishoni, maana kila mpako wa rangi unajaza kidogo. Rangi izimue sana, upake mara kadhaa.