Mjadala: Tuuze ukanda wa uwanja wa jamii ili tukarabati unaobaki?

Mleta mada: Pendekezo linalozunguka ni hili: mwekezaji apewe ukanda mmoja wa uwanja ajenge nyumba, fedha zake zitengeneze sehemu inayobaki. Napinga. Uwanja wa kawaida wa soka ni mita 105 kwa 68. Ongeza nafasi ya usalama ya mita 3 pande zote, unahitaji 111 kwa 74. Mega mita 14 za upana, sehemu ya kuchezea inabaki na mita 54. Sheria za soka zinaruhusu hata 45, ndiyo maana pendekezo linaonekana halina madhara. Lakini uwanja wa watoto wa saba kwa saba ni takriban mita 55 kwa 37. Kwenye upana wa 68 unalaza viwili kwa mkato, watoto wengi wanacheza kwa pamoja. Kwenye 54 haviingii. Pia huna pa kusogezea magoli kando ili nyasi za golini, zinazochakaa kwanza, zipumzike.

Nyumba Kwanza: Mkuu, hesabu zako sizikatai. Ila watu wanakosa pa kuishi, na uwanja uliogeuka jalala haumsaidii mtoto yeyote. Bila fedha hizo, nani atautengeneza?

Mtunza Nyasi: Ndugu, angalia kinachofuata baada ya kuuza. Malori ya kokoto hupitishwa uwanjani "kwa muda". Udongo hushindiliwa, matundu ya hewa yanafunga, maji hayanywei tena, nyasi zinakufa. Kusawazisha juu juu hakutibu. Lazima udongo ulegezwe kwa kina. Na maji ya mapaa mapya yaende wapi? Paa la mita za mraba 500 kwenye mvua ya milimita 30 linamwaga karibu lita 15,000. Bila mtaro, yote yanaishia golini.

Kocha wa Vijana: Kuna jingine. Wakazi wapya dirisha lao linatazama mstari wa pembeni. Mpira ukivunja kioo, au taa zikiwaka usiku, malalamiko yanaanza, saa za kucheza zinapunguzwa. Aliyehamia jana anamfunga mdomo aliyecheza hapo miaka yote! Anayejenga ndiye agharamie wavu na vioo imara, na hilo liandikwe kwenye kibali.

Nyumba Kwanza: Basi ahamishe uwanja wote, ajenge mwingine.

Mpimaji Mipaka: Hapo nakubali, kwa masharti. Sera ya mipango ya England inaruhusu kujenga juu ya uwanja kwa sababu tatu tu: tathmini ionyeshe wazi kuwa hauhitajiki, au upatikane mbadala ulio sawa au bora kwa ukubwa na ubora mahali panapofaa, au kijengwe kitu kingine cha michezo chenye manufaa yanayozidi hasara. Mimi naongeza: mbadala ukamilike na nyasi zishike kabla wa zamani haujafungwa. Ahadi ya "tutajenga baadaye" hufa mradi ukiishiwa fedha.

Na kwa wanaotaka kuulinda, anzeni ardhi nzima ikiwa bado wazi. Chukueni nakala ya ramani iliyoidhinishwa, mpimaji athibitishe mawe ya mipaka yako mahali pake, matumizi ya "michezo" yasomeke kwenye hati yenyewe. Tangazo la kubadili matumizi ya ardhi huwa na siku za pingamizi. Andikeni pingamizi kwa maandishi, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.