MREJESHO: Deli la samaki lililogeuka njano na kumaliza barafu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini deli langu (sanduku la kutunzia samaki kwa barafu) hapa Tanga linamaliza barafu kabla ya adhuhuri, na kwa nini povu la poliyurethani, lile la kuzuia joto ndani ya kuta zake, lililo wazi ukingoni limekuwa njano.

Unjano ni kazi ya jua. Mionzi ya urujuanimno huliharibu povu juujuu tu: nilikwangua kwa kisu likatoka vumbi la kahawia, milimita chache ndani bado jeupe.

Ubaya ulikuwa sakafuni. Faiba, lile gamba gumu linalofunika povu, ilikuwa na ufa, maji yameingia kidogo kidogo kwa miaka. Kipande cha povu nilichokiminya kilivunjika, maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Povu huzuia joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake, na maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, barafu ingedumu vipi? Povu hili haliyeyushwi likaundwa upya, kwa hiyo nimekata lote lililolowa, nikamimina jipya, nikaziba ufa na kupaka ukingo rangi nyeupe.

Jana barafu ya alfajiri niliikuta mpaka magharibi. Aliyeniambia nilipime uzito na deli jingine la saizi hiyohiyo, ahsante sana ndugu yangu. Kabla ya kulikata, langu lilikuwa zito kuliko hilo kwa kilo 9, ndipo nikajua lina maji ndani.