Faraji aende kuvua

*Kikundi: Wana wa Babu*

Jumatano

Juma, 19:02: Jamani, salamu zenu. Jumamosi nampeleka Faraji kuvua bwawani. Kafika miaka 5, wakati wake umefika. Nani anakuja?

Juma, 19:04: Tunatoka saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali. Tukivua muda wa saa 1 inamtosha, zaidi ya hapo ataichukia.

Juma, 19:31: Naona mmesoma.

Seif, 20:10: Mimi nakuja kula 😂

Mwanaidi, 20:11: 😂😂 Seif na sufuria lake

Juma, 20:15: Ngojeni kwanza. Nataka ufito mfupi, wangu utamshinda. Chelezo, kile kinachoelea kwenye mshipi, kiwe cha rangi kali apate cha kutazama. Ndoana ndogo, kile kijino chake cha nchani kinachonasa nitakibana kwa koleo kilale, ikimchoma itoke bila kuchana. Na jaketi okoa la mtoto. La Mwanaidi halifai, akitumbukia litampanda kichwani yeye achomoke chini.

Mama Faraji, 21:47: Kaka, umeshapanga na ukoo mzima, mimi mama mtu sijakubali.

Juma, 21:48: Si nilikwambia Jumapili?

Mama Faraji, 21:50: Ulisema "siku moja". Na mwaka ule wa mtumbwi pia kila kitu kilikuwa tayari.

Juma, 21:50: Mtumbwi tena, dada?

Seif, 21:52: Mtumbwi ulikuwa mzima, wenye matundu tulikuwa sisi 😂

Mama Faraji, 21:53: Seif, sicheki.

Mwanaidi, 22:01: Nyungunyungu anachimba nani? Mimi siwashiki hao.

Seif, 22:03: Achimbe Faraji mwenyewe. Wanangu waliwapenda kuliko samaki.

Juma, 22:04: Hilo kweli. Ijumaa jioni, penye udongo wa majimaji, awatie koponi na udongo wao.

Alhamisi

Babu, 05:40: Nimesoma yote. Ya mtumbwi niliyamaliza mimi, asiyafukue mtu. Mtoto akizama hapigi kelele, mnaweza kuwa mmesimama hapo hapo msisikie. Mtu mmoja kazi yake iwe Faraji tu, akae pa kumfikia kwa mkono, asishike ufito wala simu. Mtu huyo asipopatikana, hamwendi.

Mama Faraji, 05:52: Shikamoo baba. Sawa.

Seif, 06:30: Shikamoo baba. Tumesikia.

Juma, 06:33: Shikamoo baba. Itakuwa hivyo.

Juma, 07:15: Haya, mtu huyo nani? Mimi nitakuwa namfundisha kurusha, macho yangu yatakuwa kwenye mshipi.

Juma, 12:20: Jamani.

Mwanaidi, 13:05: Nina zamu Jumamosi. Mwenzangu akikubali kubadilishana nitasema.

Mama Faraji, 16:40: Basi nitakuja mimi. Ila jaketi nilione limevaliwa. Nikilivuta mabegani likafika masikioni, tunarudi nyumbani. Na samaki msimlazimishe kumshika, miiba ya mgongoni inachoma.

Juma, 16:44: Akitaka kumshika alowanishe mikono kwanza. Mikono mikavu humvua samaki ute, na wadogo tutawarudisha majini.

Juma, 16:45: Jaketi lenyewe ndiyo sijapata.

Tausi, 20:58: Ndiyo nafungua simu. Nani anakwenda kuvua? La mwanangu lipo, nadhani stoo.

Juma, 20:59: Litafute usiku huu. Ndani limeandikwa uzito wa mtoto, niambie ni kilo ngapi.

Juma, 22:10: Tausi?

Tausi, 22:41: Kesho.